Daktari Kwenye Sikio la Mtemi

Jioni ya leo tunakwenda Ulyankulu, mkoani Tabora, wilaya ya Kaliua. Wengi wetu tunaijua Ulyankulu kwa tumbaku yake na kwa ile Kwaya ya Barabara ya 13, ambayo kanda zake zilichezwa mpaka zikaanza kukwaruza. Wengine mnaijua kwa sababu ndugu zenu walipokelewa huko mwaka 1972, walipoikimbia Burundi, wakagawiwa pori, wakalifyeka, wakabaki, na hatimaye wengi wao wakawa raia wa Tanzania. Hayo yana siku yake. Leo nataka tuzungumze habari ya watu ambao ni wengi sana katika siasa za leo na hatuwatazami vya kutosha: washauri. Na hasa mshauri wa aina moja, yule aliyeanza na dawa na sindano, kisha akajikuta anamnong'oneza mtawala.

Mnawajua. Daktari bingwa ameacha wodi, leo ni mshauri wa waziri, kesho kutwa amefungua taasisi yake ya utafiti wa sera, ana ofisi yenye kiyoyozi, na kila bajeti ikisomwa anaitwa kwenye televisheni kuichambua. Simlaumu. Mtu aliyeona watoto wakifa kwa maradhi yanayozuilika ana haki ya kuchoka kutibu mmoja mmoja na kutaka kwenda kule ambako mambo yanaamuliwa. Ila tusidhani ni jambo la juzi. Kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji lilikwisha kutokea, tena kwa kishindo.

Turudi Agosti 1871. Waarabu wa Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, wamechoshwa na Mtemi Mirambo wa Urambo. Anadai hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila msafara unaopita nchini mwake, na asipolipwa anaifunga njia ya kwenda Ujiji. Wakaamua kumwadhibu. Katika msafara huo wa vita alikuwamo mwandishi wa gazeti la Marekani aitwaye Henry Morton Stanley, ambaye alikuwa na haraka zake za kumtafuta Dakta Livingstone. Waarabu wakaishambulia Ulyankulu hii hii, wakaiteka, wakapakia pembe za ndovu na mateka, wakaanza safari ya kurudi kambini huku wakijiona washindi. Mirambo alikuwa amewaacha waingie. Watu wake walilala kwenye nyasi ndefu, kulia na kushoto mwa njia, wakasubiri mpaka wale jamaa wamelemewa na ngawira. Kiongozi wao, kijana Saud bin Said, aliuawa hapo na wengi waliokuwa naye. Stanley hakuwepo penyewe, homa ilikuwa imemlaza katika kijiji cha Zimbizo, akasikia habari kwa watu wake waliorudi mbio. Majuma mawili hivi baadaye Mirambo alikwenda mpaka Tabora kwenyewe, akachoma nyumba, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa matajiri wakubwa wa mji, akauawa.

Kwa hiyo Mirambo vita alivijua. Alikuwa na rugaruga, yaani askari wake, alikuwa na bunduki, na aliweza kumzuia tajiri yeyote wa Unguja asiifikie pembe yake. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho bunduki haikumpa. Kila habari iliyofika pwani kumhusu iliandikwa na adui zake. Barua kwa Sultani wa Unguja zilitoka Unyanyembe, kwa liwali na wafanyabiashara wa huko, na katika barua hizo Mirambo alikuwa jambazi na mnyang'anyi basi. Yeye mwenyewe alitaka biashara: bidhaa za pwani zimfikie moja kwa moja, nguo za merikani, baruti na masango ya shaba, bila kupitia mikono ya Waarabu wa Tabora. Ili hilo liwezekane alihitaji mtu wa kumsemea Unguja, mtu ambaye akiandika, anasomwa.

Hapa ndipo anapoingia daktari wetu wa kwanza.

Chama cha Wamisionari cha London kilipeleka msafara bara mwaka 1879. Ulianza vibaya: mkuu wake, Joseph Mullens, aliyekuwa katibu wa chama chenyewe, alifariki njiani mwezi Julai, wakamzika Mpwapwa. Waliobaki wakaendelea, na miongoni mwao alikuwamo Dakta Ebenezer Southon. Mwezi Agosti akafika Urambo, kwa Mirambo. Akapokewa vizuri mno. Sababu si ngumu kuiona. Mtawala mwenye vita vya kila msimu ana majeruhi wa kila msimu, na hapa ameletewa tabibu anayejua kutoa risasi na kushona. Lakini Mirambo hakuwa mtu wa kuridhika na plasta. Mgeni huyu alikuwa pia na karatasi na wino, na alikuwa na njia ya kuzipeleka barua zake mpaka kwa mkubwa wa Waingereza kule Unguja.

Basi Southon akawa mwandishi wa mtemi. Hakuteuliwa, hakula kiapo, hakupewa cheo. Ilitokea tu, kama inavyotokea mpaka leo: unamtibu mkubwa, mkubwa anakuamini, anakuuliza neno moja la nje ya dawa, unamjibu vizuri, kesho anakuuliza jingine. Ukweli ni kwamba hakuna anayemkaribia mtawala kama tabibu wake. Waziri anamwona mtawala akiwa amevaa joho, tabibu anamwona akiwa amevua shati. Anajua halali usingizi. Anajua kinachomtisha. Mtu aliyekwisha kukuonyesha jipu lake haoni taabu kukuonyesha na hofu yake.

Zaidi ya barua, mwaka 1880 Southon aliandika taarifa ndefu juu ya historia, nchi na watu wa Unyamwezi, yaani nchi hiyo ya Mirambo na jirani zake. Ukiisoma taarifa ya namna hiyo leo, ungesema imetoka kwenye taasisi ya sera: nani anatawala wapi, nguvu zake zikoje, biashara inapitaje, watu wanaishi vipi, nini kifanyike. Mtu mmoja, mezani pake, katikati ya miombo, alikuwa kituo kizima cha utafiti. Ila taarifa hiyo hakuiandikia Mirambo. Aliwaandikia wakubwa wake wa London. Shikilia hapo, msikilizaji, maana ndipo penye mazungumzo ya leo.

Sasa twende upande wa pili wa njia, Unguja. Barua za Southon kwa niaba ya Mirambo zilikuwa zinakwenda kwa nani? Zilikwenda kwa daktari mwingine.

John Kirk alizaliwa Uskochi mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh, akafuatana na Livingstone kwenye safari ya mto Zambezi kuanzia 1858 akiwa tabibu na mtaalamu wa mimea. Mwaka 1866 akaletwa Unguja kuwa daktari wa ubalozi wa Waingereza. Daktari tu. Lakini haikupita miaka mingi akawa makamu wa balozi, na kufikia 1873 ndiye balozi mwenyewe. Kama umewahi kwenda msitu wa Jozani ukawaona wale kima punju wenye mgongo mwekundu, basi ujue jina lao la kisayansi limetokana na huyo huyo Kirk. Hakuacha kukusanya viumbe na mimea hata alipokuwa anakusanya mikataba.

Sultani Barghash bin Said alitawala kuanzia 1870 mpaka 1888, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakufanya jambo zito bila kumsikiliza Kirk. Ungeweza kusema kwamba Unguja ilikuwa na masultani wawili, na mmoja wao alivaa kofia ya Kizungu. Juni 1873 soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba, Kirk akiwa ndiye aliyemsukuma Barghash kutia sahihi, na nyuma ya maneno yake laini kulikuwa na tishio la manowari kuizunguka Unguja. Sitasema kwamba kulifunga soko lile kulikuwa kosa. Namshukuru kila aliyelifunga. Nasema tu kwamba ushauri wenye manowari nyuma yake ni ushauri wa aina yake.

Kwa hiyo ikawa hivi: mtawala wa pwani ana daktari Mwingereza sikioni, na mtawala wa bara ana daktari Mwingereza sikioni, na madaktari hao wanaandikiana. Barua inatoka Urambo, inapelekwa na matarishi, inapita Unyanyembe, Ugogo, Mpwapwa, inashuka Bagamoyo, inavuka kwa jahazi. Safari ya miezi. Kirk kwa muda alivutiwa. Alianza kumwona Mirambo kuwa ndiye mtu anayeweza kuituliza njia nzima ya bara, na Mirambo akaona mlango wa Unguja unafunguka, mlango ambao vita vya Ulyankulu na Tabora havikuufungua.

Kisha wakaja tembo.

Si utani. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa na wazo kwamba mizigo ya misafara inaweza kubebwa na tembo badala ya mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi, na mwaka 1879 tembo wanne kutoka India walishushwa Msasani, hapo hapo ambapo leo watu wanakula samaki wa kukaanga. Wakaanza kwenda bara wakiongozwa na Mwingereza aitwaye Carter. Wakafa mmoja baada ya mwingine. Ni mmoja tu aliyefika Karema, ziwani Tanganyika. Mnyamwezi aliyebeba frasila mbili begani kutoka Tabora hadi pwani, mzigo wa kilo 32 hivi, angeweza kuwaambia mapema, lakini hakuulizwa. Wakati wa kurudi pwani, Juni 1880, Carter na mwenzake Cadenhead walikutwa katika kijiji kilichoshambuliwa na majeshi ya Mirambo na wenzake wa vita, nao wakauawa.

Mirambo alijitetea kwamba hakukusudia kumwaga damu ya Wazungu. Southon akauandika utetezi huo na kuupeleka. Alimwamini mtemi wake, na nadhani alifanya alichoweza. Lakini kule Unguja Kirk alikwisha kubadilika. Waliouawa ni watu wa kwao, na Mirambo aliyekuwa anafaa jana, leo hafai. Mlango ukafungwa. Mirambo hakupata tena mtu wa kumwamini pwani kwa kiasi kile.

Southon naye hakukaa. Mwaka 1882 bunduki iliyokuwa mikononi mwa mtu wake ilifyatuka kwa bahati mbaya, risasi ikamvunja mkono. Katika nchi ile yote, mtu wa pekee aliyejua kukata mkono ni yeye mwenyewe. Wakamwita Copplestone, mmisionari wa chama kingine aliyekuwa Uyui, jirani na Tabora, ambaye hakuwa daktari. Copplestone akakata, Southon akimwelekeza. Hebu fikiri kidogo: mgonjwa amelala, anamwambia mkataji sasa funga mshipa ule, sasa punguza hapa. Kidonda kikaoza, wakakata tena. Mwezi Julai akafariki, akazikwa Urambo.

Mirambo alimfuata tarehe 2 Desemba 1884. Angalia tarehe hiyo. Majuma yale yale, Mjerumani mmoja aitwaye Carl Peters alikuwa anazunguka Usagara na jirani zake akiwawekea machifu karatasi za kutia alama. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazikubali karatasi zile. Barghash akapinga, akapeleka watu wake, na Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri yake. Na mshauri wake wa miaka yote, yule aliyemwambia afunge soko, yule aliyemwahidi kwamba urafiki wa Waingereza ni ngao? Kirk alikuwa amepata amri kutoka London: mwambie Sultani akubali. Yeye binafsi hakuupenda uamuzi huo, hilo nitampa haki yake. Lakini alimwambia Sultani akubali. Mwaka 1886 wakubwa wa Ulaya wakaipima nchi, wakamwachia Barghash visiwa na ukanda wa maili kumi wa pwani, na Kirk akaondoka Unguja kwenda kupumzika kwao.

Mimi sisemi Kirk alikuwa mnafiki. Alikuwa mtumishi mwaminifu sana, ila si wa Barghash. Barua za Barghash zilipita mezani pake, lakini barua zake yeye mwenyewe zilikwenda London, na mshahara ulitoka huko huko. Kwa miaka kumi na tano maslahi ya pande mbili yalikwenda sambamba na hakuna aliyeona tofauti. Siku yalipoachana ndipo Sultani akajua mshauri wake ni wa nani. Southon alipendwa na Mirambo, naamini pia alimpenda Mirambo, lakini kazi yake bora ya akili, ile taarifa juu ya Unyamwezi, ilikwenda London. Mpaka leo nyaraka za chama kile zimehifadhiwa huko, kwenye maktaba ya chuo cha SOAS. Mjukuu wa rugaruga wa Ulyankulu akitaka kusoma nchi ya babu yake ilionekanaje mwaka 1880, aanze kwanza na foleni ya viza.

Kuna daktari wa tatu aliyepita njia hii, Emin Pasha, Mjerumani aliyeanza kama daktari wa karantini kwenye bandari ya himaya ya Kituruki, akawa tabibu wa Gavana Gordon huko Sudan, akatumwa kwa Mutesa wa Buganda na Kabarega wa Bunyoro kama mjumbe, akaishia kuwa gavana. Mwaka 1890 aliingia Tabora akiwa ameajiriwa na Wajerumani, akapandisha bendera yao. Miaka miwili na nusu baadaye Mtemi Isike wa Unyanyembe, alipozidiwa na jeshi la hao hao Wajerumani, alijilipua kwa baruti ngomeni mwake. Emin sitakaa naye. Habari yake ni ya kusafiri zaidi kuliko ya kushauri.

Ninayetaka kukaa naye ni mwingine, tena Mtanganyika.

Mwaka 1950 Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, pale Dar es Salaam kilipata rais mpya, Dakta Vedasto Kyaruzi, kijana wa Bukoba aliyesomea udaktari Makerere. Katibu wake alikuwa Abdulwahid Sykes. Wakaanzisha kitu kilichoitwa Kamati Ndogo ya Siasa. Walikuwamo kina Sheikh Hassan bin Amir, Hamza Mwapachu, Said Chaurembo, Stephen Mhando na John Rupia. Tazama mchanganyiko huo: daktari, sheikh, mtumishi wa ustawi wa jamii, mfanyabiashara. Hawakuwa na ofisi ya kiyoyozi. Gavana Twining alipounda kamati ya kuchunguza katiba ya nchi, hawa walikaa, wakajadili, wakaandika waraka wa maoni ya Waafrika, wakaupeleka. Mimi nikiulizwa taasisi ya kwanza ya fikra za kisiasa Tanganyika ni ipi, nitaitaja kamati ile bila kusita, na hakuna aliyeilipa.

Na daktari wetu alikuwa ameajiriwa na nani? Na serikali ya kikoloni. Hapa kisa kinageuka kinyume cha Kirk. Mshahara ulitoka kwa Mwingereza, lakini kalamu ilikuwa ya TAA. Serikali haikumfunga, ilitumia dawa yake ya kawaida: uhamisho. Kama alivyoeleza mwanahistoria Mohamed Said katika kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes, Kyaruzi alipelekwa kwanza hospitali ya gereza la Kingolwira, karibu na Morogoro, kisha akasukumwa mbali zaidi, Nzega. Mwapachu naye akatupwa huko Ukerewe.

Nzega! Ni hapa hapa Unyamwezi, kaskazini mwa Tabora. Mtu anafukuzwa mjini asifanye siasa, anapelekwa nchi ya Mirambo. Na Tabora yenyewe ndiyo iliyomsomesha Julius Nyerere, ndiko alikofundisha kwenye shule ya St. Mary's baada ya Makerere, ndiko alikokuwa katibu wa tawi la TAA. Afisa aliyetia sahihi uhamisho ule, kama alidhani Unyamwezi ni mahali pa kumpoza mwanasiasa, ramani aliisoma lakini historia hakuisoma. Nyerere akaja kuchukua urais wa TAA 1953, chama cha TANU kikazaliwa Julai 1954, na mawazo yaliyokuwa yamepikwa na ile Kamati Ndogo yakawa na chombo cha kuyabeba. Baada ya uhuru Kyaruzi aliiwakilisha nchi Umoja wa Mataifa.

Sasa rudi kwenye zama zetu. Tangu miaka ya 1990 tumekuwa na taasisi za utafiti wa sera hapa nchini, ESRF, REPOA na nyingine zilizofuata, na kwenye afya tunayo ya Ifakara, ambayo utafiti wake wa vyandarua ulisaidia kuibadili namna nchi inavyopambana na malaria. Kazi nzuri, mtoto aliyelala ndani ya neti haulizi fedha za utafiti zilitoka wapi. Lakini sisi watu wazima tuna ruhusa ya kuuliza. Taasisi nyingi za aina hii huishi kwa ruzuku, na ruzuku nyingi hutoka nje. Hilo peke yake si dhambi, maana Kyaruzi naye alilipwa na mkoloni. Linalonisumbua ni pale ripoti inapoandikwa kwa Kiingereza, ikasomwa hotelini Dar es Salaam, ikapelekwa kwa mfadhili, na mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu ambaye ndiye aliyehojiwa saa nzima chini ya mwembe akaambulia soda na asante. Hiyo ndiyo taarifa ya Southon imefufuka.

Mimi nina pendekezo, na nalitoa hewani ili wahusika wasije wakasema hawakusikia. Kila mtafiti anayekwenda Ulyankulu, Kaliua, Urambo au Nzega, awe daktari au si daktari, arudishe ripoti yake kwa Kiswahili kwenye ofisi ya kata ile ile aliyohoji, na siku ya mkutano wa kijiji isomwe kwa sauti, watu waipinge wakitaka. Na chuo kikuu chetu chochote chenye uhusiano na London kiombe nakala ya maandiko ya Southon, kiilete Tabora. Gharama yake haifiki nauli ya semina moja ya kujenga uwezo.

Mimi naishia hapo. Baada ya muziki kidogo mtaletewa bei za mazao.